Kwenye Theluji Hakuna "Wengi Wape"

Kidato cha tano tulikariri hivi: poromoko la theluji ni theluji nyingi inayoshuka kwa kasi kwenye mteremko wa mlima. Visababishi: mteremko mkali, theluji nzito, tetemeko la ardhi, kelele. Athari: vifo, kuziba kwa barabara, uharibifu wa makazi. Unaorodhesha kwa namba za Kirumi, unachora kamlima pembeni, unachukua alama zako, habari imeisha.

Sasa niko mwaka wa tatu, nasomea ualimu wa Jiografia na Kiswahili, na kwa muda nimekuwa nikisoma taarifa za ajali za theluji zinazoandikwa na vituo vya tahadhari vya Marekani na Ulaya. Nilianza kwa sababu ya kuandaa somo, nikaendelea kwa sababu ya mshangao. Kwanza, ile "kelele" ya kwenye notisi si kweli. Mtu kupayuka hakuangushi theluji. Pili, na hili ndilo kubwa, sababu inayojirudia sana kwenye taarifa zile haimo kabisa kwenye notisi zetu. Ni marafiki watano au sita waliosimama chini ya mlima, kila mmoja na wasiwasi wake moyoni, na hakuna anayefungua mdomo.

Hoja yangu niiweke mezani mapema, ili asiyekubali aanze kubishana nami hapa hapa. Elimu ya hatari isiyomfundisha mtu kusema "mimi siendi" mbele ya wenzake ni nusu elimu. Na sisi tunaosomea ualimu ndio tunaopaswa kuijaza hiyo nusu nyingine, tukianzia kwenye safari zetu wenyewe za masomo.

Nianze na theluji yenyewe, maana wengi wetu tumeionea kwenye friza na kwenye picha za Kibo.

Theluji ya mlimani si rundo moja. Kila inapoanguka hulala tabaka juu ya tabaka, kama chapati kwenye hotpoti. Matabaka hayo hayafanani. Lingine huwa gumu na limeshikana, lingine huwa chembechembe kama sukari, halina mshiko kabisa. Bamba gumu likilala juu ya tabaka la sukari, kwenye mteremko wa kati ya nyuzi 30 na 45, tayari una mtego. Bamba limetulia, linang'aa, linapendeza. Anakuja mtu na skii zake, uzito wake unavunja lile tabaka dhaifu la chini, ufa unakimbia pande zote kufumba na kufumbua, bamba zima linakatika na yeye yuko katikati yake.

Hapo ndipo penye jambo la kufikirisha. Katika ajali zinazoua wapenda michezo ya theluji, takribani mara 9 kati ya 10 poromoko huanzishwa na huyo huyo aliyefukiwa au mwenzake wa kundi. Mlima haukumfuata mtu nyumbani. Watu waliufuata, wakaukanyaga mahali pabaya.

Theluji ikishasimama hukaza kama zege. Aliyefukiwa hawezi kusogeza hata mkono. Akifukuliwa ndani ya dakika 10, uwezekano wa kumpata hai ni kama watu 9 kwa kila 10. Ikifika nusu saa umeshuka hadi theluthi moja hivi. Ndiyo maana kila anayeingia kwenye milima ya nje ya vituo vya skii, kule ambako hakuna lifti wala walinzi wa miteremko, hutakiwa kubeba vitu vitatu: kifaa kidogo cha mwilini cha kutuma na kupokea mawimbi, ufito mrefu wa kuchomea theluji kumtafuta mtu, na beleshi. Kupiga simu kuita helikopta ni sawa, lakini helikopta haiji ndani ya dakika 10. Anayekuokoa ni yule mliyekuja naye. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Majira ya machipuko, yaani kuanzia Machi hadi Mei kule kaskazini mwa dunia, yana kanuni zake. Usiku ukiwa hauna mawingu, joto hupotea angani, uso wa theluji huganda na kuwa mgumu kama sakafu. Alfajiri unatembea juu yake bila shida. Jua likitoka, linaanza na miteremko inayotazama mashariki, linahamia ya kusini, mchana linamalizia ya magharibi. Theluji inayeyuka, maji yanapenya chini kati ya chembe na chembe, ule mshiko wa usiku unalegea. Maji yakifika kwenye tabaka dhaifu, au yakikutana na ganda la barafu yasipate pa kupita, theluji yote ya juu inakuwa imekaa kwenye utelezi. Poromoko la theluji mbichi namna hiyo si lazima liwe na kasi sana, lakini ni zito mno.

Kwa hiyo mpanda mlima mzoefu wa machipuko huishi kwa saa. Anaondoka saa 9 au 10 usiku, na kabla ya saa 6 mchana ameshashuka. Akiona vibonge vya theluji vinaanza kujiviringisha vyenyewe mteremkoni, au mguu unazama kupita kifundo, au kingo zinazoning'inia kule juu zinaanza kumeguka, hasubiri maelezo, anaondoka. Na usiku ukiwa na mawingu, hali ni mbaya tangu asubuhi, kwa sababu mawingu hufanya kazi ya blanketi na theluji haikupata nafasi ya kuganda.

Msidhani hiyo saa ni ya Wazungu peke yao. Waulize waongozaji na wagumu wa Kilimanjaro. Upande wa magharibi wa Kibo, kwenye njia iitwayo Western Breach, mawe hushikiliwa na barafu usiku, na jua la asubuhi huyaachia. Januari 2006 mawe yaliporomoka huko yakaua wapandaji watatu raia wa Marekani. Njia ikafungwa kwa muda. Hadi leo anayepita upande ule hutakiwa kuanza gizani, awe amevuka sehemu ya hatari kabla jua halijapata nguvu. Ni fizikia ile ile: kinachoshikwa na baridi huachiwa na joto.

Ubaya wa siku za machipuko ni kwamba zinapendeza. Mbingu bluu, jua zuri, watu wamevua makoti. Hatari haina sura ya hatari. Na wakati mwingine, katikati ya huo uzuri, inaingia dhoruba ya Aprili na kumwaga theluji mpya juu ya matabaka mabovu yaliyolala tangu mwanzo wa msimu.

Wenzetu wamejipanga. Tangu 1993 nchi za Ulaya zinatumia kipimo kimoja cha hatari chenye ngazi 5, na Amerika Kaskazini nao wana cha kwao cha ngazi 5. Ngazi ya 1 ni hatari ndogo, ya 5 ni ya kupindukia. Wakati wa msimu taarifa hutolewa kila siku, bure, kwa kila mtu: eneo gani, mteremko unaotazama upande gani, tatizo ni la aina gani. Sasa niambie, unadhani watu wengi hufa kwenye ngazi ya 5? Hapana. Ngazi ya 5 watu hubaki nyumbani. Vifo vingi hutokea kwenye ngazi ya 3, pale katikati, ambapo taarifa inasema "hatari ni kubwa kiasi" na kila mtu anasikia anachotaka kusikia.

Chukua mfano wa Sheep Creek, karibu na Loveland Pass, jimbo la Colorado. Ilikuwa tarehe 20 Aprili 2013. Kituo cha tahadhari cha Colorado kilikuwa kimeweka ngazi ya 3, na kimeonya wazi juu ya mabamba mazito yaliyolala juu ya tabaka dhaifu la chini kabisa. Watu sita waliingia mlimani. Hawakuwa mbumbumbu. Walikuwa wameisoma taarifa, wakaijadili, wakapanga kwenda kwenye mteremko wenye usalama zaidi. Vifaa walikuwa navyo. Tatizo ni kwamba kuufikia huo mteremko salama ilibidi wapite chini ya ule wa hatari. Wakaachiana nafasi kati ya mtu na mtu, wakapita. Theluji ikadidimia chini ya miguu yao kwa mshindo, wakakimbilia kwenye miti, hawakuwahi. Wote sita walichukuliwa. Watano wakafa. Mmoja alibanwa kwenye theluji kwa saa kadhaa, hawezi kujitoa, mpaka watu wengine walipofika. Lilikuwa poromoko lililoua watu wengi zaidi Colorado tangu 1962.

Soma tena: wote sita walichukuliwa. Yale mabeleshi na vile vifaa vya mawimbi vilikuwa na maana kama angebaki hata mmoja nje. Nafasi waliyoachiana haikutosha, kwa hiyo hakubaki wa kuchimba.

Mwaka mmoja nyuma yake, tarehe 19 Februari 2012, kundi la watu zaidi ya kumi lilishuka bonde la Tunnel Creek kule Stevens Pass, jimbo la Washington. Humo kulikuwa na watu waliobobea, wengine wanaishi kwa kazi ya skii. Watatu walikufa. Mwandishi John Branch alizungumza na walionusurika, na makala yake, "Snow Fall", ikapata tuzo ya Pulitzer mwaka 2013. Kilichonigusa mimi ni hiki: baadhi yao walikuwa na mashaka tangu juu. Kundi ni kubwa mno, hali haieleweki. Lakini ukitazama kushoto kuna bingwa, kulia kuna bingwa, wewe nani wa kusema kitu? Kila mmoja akauchukua ukimya wa mwenzake kuwa ndiyo ruhusa.

Mtafiti mmoja Mmarekani, Ian McCammon, alichambua ajali 715 za theluji zilizowapata wapenda michezo nchini mwake kati ya 1972 na 2003. Aliorodhesha mitego ya akili inayowanasa watu. Nimeisoma orodha ile nikacheka peke yangu, maana ni sisi kabisa. Kuna mtego wa mazoea: "hapa nimepita mara kibao." Kuna wa kutaka kukubalika, hasa vijana wa kiume wakiwa na wasichana kundini, huu sina haja ya kuufafanua. Kuna wa kung'ang'ania mpango: "tumeshatoka mbali, turudi vipi?" Kuna wa kumwachia mjuzi: "kiongozi anajua." Kuna wa uhaba: "tukichelewa wenzetu watatutangulia." Na kuna wa kufuata umati: "mbona wale wamepita?" Hata waliopata mafunzo hawakusalimika. Kwenye maeneo waliyoyazoea, makundi yenye mafunzo yalijiweka hatarini karibu sawa na yale yasiyo nayo. Yaani cheti kilikuwa mfukoni, mtego ukafanya kazi yake kama kawaida.

Najua kuna mtu ameshaanza kusema: "Huyu naye! Sisi tuna theluji gani? Boom lenyewe halijaingia, wewe unatuletea habari za Colorado." Sawa, tuje nyumbani.

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Ukiondoa rangi, mtambo ni ule ule wa machipuko: maji yamepenya, mshiko umelegea, uzito wa juu umeondoka na kila kitu. Ila lazima niseme ukweli, wale wa Hanang hawakuchagua kitu. Walikuwa majumbani kwao. Kisa chao kinadai tahadhari za mapema na mipango miji, na hiyo ni makala nyingine.

Kinachofanana na Sheep Creek ni kingine. Tarehe 4 Desemba 2021, huko Mwingi, Kenya, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia kwenye maji ya Mto Enziu uliokuwa umefurika na kufunika daraja. Watu zaidi ya 30 walikufa. Video wengi tuliiona. Siwezi kujua kila aliyekuwemo alikuwa anawaza nini, na siwahukumu marehemu. Ila chukua ile orodha ya mitego uipange mbele ya basi lolote lililosimama ukingoni mwa mto: mpango upo, watu wanasubiriwa, dereva ni mzoefu, wenzako wametulia. Hakuna theluji hata punje moja, na mitego imekamilika.

Mwaka jana, mwezi wa nne, masika yamekolea, basi letu la safari ya masomo lilisimama kwenye mto mmoja wa msimu. Maji yamepita juu ya barabara, rangi ya chai ya maziwa, huoni chini. Dereva akasema panapitika. Mmoja wetu akasimama katikati ya viti akauliza kwa sauti: "Jamani, wangapi wanasema twende?" Mikono ikawa msitu. "Haya, wengi wape!" Basi likashangilia. Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza, ambaye siku nzima nilikuwa sijamsikia sauti, akachukua begi lake akashuka. Hakutoa hotuba. Alisema, "Mimi naogopa, nipiteni tu, nitawafuata." Mimi na wengine wawili tukashuka tukasimama naye. Mhadhiri aliyekuwa na sisi akatutazama, akatazama maji, akamwambia dereva azime injini. Tulikaa pale saa tatu nzima. Maji yakapungua, tukaona lami upande mmoja imemegwa vibaya. Tukageuza.

Mngetegemea msichana yule alipewa asante. Wapi! Kwenye group la WhatsApp alichekwa wiki mbili. Stika zilitengenezwa. Jina alilopachikwa sitaliandika hapa. Kosa lake ni kutukosesha chakula cha mchana kilichokwisha kulipiwa.

Hapo ndipo ninapotaka tujitazame sisi wanafunzi wa ualimu. Tunatoka kwenye madarasa yenye wanafunzi 80 na zaidi, na tunarudi kwenye madarasa hayo hayo. Mwalimu anamaliza kueleza, anauliza, "Mmeelewa?" Darasa linaitikia, "Ndiyoooo!" Kila mtu anajua nusu hawajaelewa. Mwalimu mwenyewe anajua. Lakini wimbo umeimbwa, tunaendelea. Mtoto anafanya zoezi hilo mara ngapi kwa siku, kwa miaka mingapi? Tumemfundisha kwa vitendo kwamba shaka lako ukilitoa peke yako ni aibu, ukilizamisha kwenye sauti ya wengi ni adabu. Halafu akiwa na miaka 22 tunamweka ukingoni mwa mto, tunamtaka ajue kusema hapana. Amejifunzia wapi?

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha nilijaribu kitu kidogo. Badala ya "mmeelewa?" nilimwambia kila mmoja aandike kwenye kipande cha karatasi jambo moja ambalo halijakaa sawa, bila jina. Vikaratasi vilijaa. Watoto wale wale wa "ndiyoooo". Hawakuwa waongo, walikuwa hawajapewa mlango wa kutokea.

Mafunzo ya theluji kule kwa wenzetu yameliona hili, na yametengeneza milango. Makundi mengi makini yana kanuni moja ninayoipenda kuliko zote: mtu yeyote, hata yule mgeni asiyejua kitu, akisema "hapana", kundi linageuza. Hakuna kupiga kura. Pia hukubaliana kabla ya kuondoka saa ya kugeuza na dalili za kugeuza, wakati akili bado imetulia na kilele hakijaanza kuwaita. Na ajali ikitokea, kituo cha tahadhari huandika taarifa ndefu, kavu, ya wazi: walipita wapi, waliona nini, waliamua nini. Taarifa inaandikwa ili anayefuata asipite pale pale, haiandikwi kumtia mtu aibu.

Napendekeza tuyachukue hayo, tuyafanyie kazi hapa chuoni kwetu. Kwanza, safari yoyote ya masomo au ya matembezi isitoke bila masharti ya kugeuza kusemwa hadharani siku moja kabla. Mfano: tukikuta maji yamefunika barabara hatupiti, hata kama dereva ni nani, ikifika saa 9 alasiri hatujafika, tunageuza. Pili, "hapana" ya mtu mmoja itoshe, na asidaiwe maelezo palepale. Tatu, wanapoulizwa watu, waulizwe mmoja mmoja kuanzia aliye mdogo na mkimya, na mhadhiri au kiongozi aseme wa mwisho. Ukianza na mkubwa, wengine wote wataitikia. Nne, tukirudi, iandikwe karatasi moja tu: wapi tuliponea chupuchupu. Iwekwe ofisi ya serikali ya wanafunzi, kikundi kijacho kiisome.

Nimeshajadili haya bwenini, na nimepata upinzani wa aina mbili. Wa kwanza ni wa demokrasia. Eti mtu mmoja kuwazuia hamsini ni udikteta. Mimi naona kura ni nzuri tunapogawana kitu cha wote: pesa ya chama, rangi ya fulana, nani awe rais. Uhai wangu haumo kwenye mfuko wa pamoja. Tena kanuni hii inavuta upande mmoja tu. Mtu mmoja anaweza kuwasimamisha hamsini, lakini hawezi kuwalazimisha hamsini kuingia majini. Udikteta wa namna gani huo? Na kama kuna mwoga atakayetukosesha safari mbili tatu bure, basi. Hasara yake ni nauli na wali uliopoa. Hasara ya upande wa pili tumeiona Enziu.

Upinzani wa pili ni mzito zaidi, ni wa heshima. Sisi tumelelewa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Utamwambiaje mhadhiri wako, au mzee anayeendesha basi tangu hujazaliwa, kwamba hapana? Sitaki tuvunje heshima. Nataka wakubwa watuulize kabla hatujalazimika kuwapinga. Mkubwa akisema mwenyewe, "Kila mmoja aniambie anaonaje, na atakayesema turudi nitamshukuru", mdogo akijibu "Naomba turudi" hajamkosea mtu, ameitikia. Mhadhiri wetu aliyemwambia dereva azime injini hakupungukiwa heshima hata kidogo. Mimi naona iliongezeka.

Na wale wabobezi wa Tunnel Creek wangetuambia kitu kingine kuhusu wakubwa. Ujuzi hupunguza makosa, hauyafuti. Mjuzi naye ana mazoea, naye anatazamwa, naye anataka kufika. Pengine yeye ndiye anayehitaji zaidi mtu wa kumwambia "tusimame kidogo", kwa sababu ndiye ambaye hakuna anayethubutu kumwambia.

Muhula wa pili ndio huu, masika yanakuja, na ratiba za safari zimeshabandikwa. CR wako atakusanya michango wiki hii au ijayo. Kabla hujatoa pesa yako, simama kwenye kikao uulize swali moja tu: "Njiani, nani ana ruhusa ya kutugeuza?" Ukijibiwa "dereva", uliza tena. Ukijibiwa "mhadhiri", uliza tena. Usikae chini mpaka uambiwe "yeyote kati yetu", na liandikwe kwenye muhtasari. Na atakayeitumia ruhusa hiyo, tukirudi salama, group la WhatsApp limwandikie asante. Stika mtatengeneza za mambo mengine.